Mkanda wa Mbwa Wangu

Ukitaka kuchekwa Kilindoni, ingia duka lolote la pembejeo uulize kama wana mkanda wa mbwa. Mimi nimechekwa mara tatu. Mara ya kwanza muuzaji aliniuliza kama nataka na kanzu yake. Mara ya pili akauliza kama mbwa wangu suruali inamvuka. Mara ya tatu hakuniuliza kitu, aliwaita wenzake waje wanione. Nilitoka pale nimekunja ngumi mfukoni, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nalima mihogo Baleni, shamba limepakana na pori. Asiyelima pembezoni mwa pori hajui ngedere ni nini. Ngedere hang'oi mhogo akala akashiba akaenda zake. Anang'oa, anauma mara moja, anatupa, anang'oa mwingine, na wewe ukimpigia kelele anakutazama tu. Bila mbwa unawalimia wao. Ndiyo maana nikafuga mbwa, na mbwa wa shamba ameruhusiwa, hata sheikh wetu hupenda kulisema hilo. Lakini nenda kawaambie majirani. Nikipita naye njiani walikuwa wakivuta nguo zao kama wanavuka dimbwi, na watoto wao wakirusha mawe. Ramadhani ikifika, hao hao walikuja kwangu kuchukua mihogo ya futari. Mihogo ile hakuna aliyeiona najisi.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Labda kwa jembe. Kwa vifaa vya mbwa, asiyechagua ndiye anayemtesa mnyama. Watu wanadhani unachukua kamba, unamfunga shingoni, imekwisha. Kiangazi nilimvisha mkanda wa ngozi niliomkatia kutoka kwenye mkoba mkuukuu, kwa sababu ngozi haichomi shingo jua linapowaka. Tukienda upande wa pwani, kwenye mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe, nilimshonea viatu vya mpira wa ndani wa baiskeli. Vitatu alivitoa kwa meno siku ileile, cha nne akakipenda, akawa anatembea na kiatu kimoja na watu wakapata la kusema wiki nzima. Kipupwe, upepo wa kusi unapoleta manyunyu ya baridi, nilimfunga gunia mgongoni kama koti. Sioni aibu kusema haya. Aliyekuwa akilala nje kulinda chakula changu alistahili gunia.

Masika ndiyo adui. Ngozi inakunywa maji, inavimba, inakwaruza, na chini yake kunafanyika kidonda ambacho hukioni kwa sababu ya manyoya. Nimewahi kumwona mbwa wa mtu ana funza shingoni, na mwenyewe anasema mbwa amekonda tu. Nikajifunza kanuni mbili nikazishika: masika avae kitu kisichonywa maji, na kila jioni avuliwe shingo ikauke.

Kitu hicho kisichonywa maji nilikipata Ghuba ya Chole. Mara mbili kwa mwaka nilikuwa nikivuka naye kwenda Juani kwenye shamba la shemeji yangu, kuwatisha nguruwe. Nahodha alikuwa na masharti. Mbwa akae juu ya pakacha la makuti, asiguse ubao wa chombo hata kwa mkia, na akigusa niuoshe mimi, mara saba, moja kwa udongo. Sawa, chombo chake. Nikamtengenezea mbwa fulana ya maboya ya wavu yaliyoshonwa kwenye kiroba, asije akatumbukia, akakaa juu ya pakacha lake kwa adabu kuliko abiria wengi.

Siku moja tunashuka, namwona mama mmoja wa Kizungu anapanda chombo kilekile na mbwa wake. Mbwa ana fulana nyekundu ya kuelea, ina mshikio mgongoni kama wa kikapu, na anakwenda kukaa juu ya godoro dogo alilotandikiwa. Juu ya ubao! Mkia wake unapiga mbao huku na huku, na nahodha wangu mwenye masharti anacheka, anamkuna kichwa. Damu ilinichemka. Nilitaka kumuuliza huyo najisi yake imekwenda wapi, ikabaki Ulaya? Sikuuliza kwa sababu nilihitaji kurudi na chombo chake. Yule mama aliyaangalia maboya yangu, akayageuza, akaona yalivyoshonwa, akasema kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kwamba ni kazi nzuri. Kisha akafungua begi akanipa mkanda wa zamani wa mbwa wake. Mwekundu, wa nailoni, una kifungo cha plastiki kinachofungika kwa mlio mmoja tu. Watu wa Kilindoni wasingeweza kunicheka kwa huo.

Nyumbani naishi na mama yangu. Yeye hakumchukia mbwa wala hakumzoea. Alisema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, basi asiingie, lakini ale. Alimwekea vichwa vya samaki kwenye kifuu, akakisukuma kwa fimbo, akasimama mbali mpaka amalize. Kilichomuudhi ni mikono yangu. Masika mbwa huwa mbichi tangu asubuhi, na kila nikimvisha mkanda ilibidi ninawe mara saba, moja kwa udongo, ndipo nitawadhe. Mama alinisikia nikimwaga maji nyuma ya jiko alfajiri baada ya alfajiri, nikichelewa sala ya jamaa. Na alisikia wanawake wakisema kwamba kwenye msumari wa nguzo ya jiko lake, pembeni ya masufuria, panatundikwa mkanda wa mbwa. Wanawake hao nao nawakumbuka mmoja mmoja.

Masika iliyopita likapita gari lenye kipaza sauti. Kuna kichaa cha mbwa, likatangaza, kila mwenye mbwa amchanje na amvishe mkanda, na mbwa wasio na mikanda watapigwa risasi. Nilifurahi, niseme kweli. Nilisema leo dunia imenifuata nilipo. Nikampeleka mbwa wangu akachanjwa, wa kwanza kwenye foleni, mkanda mwekundu shingoni, cheti nikakiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Siku watu wa kampeni hiyo walipofika Baleni, mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani Kiegeani na wanawake wenzake. Nilikwenda kwenye nguzo ya jiko kuchukua mkanda, sikuukuta. Nikatafuta chini, nikatafuta kwenye kuni, nikainua kila ungo na kila kinu. Nikampigia mama simu, ikalia chumbani kwake, kaiacha kwenye chaji. Nikaona huenda panya kaukokota. Mkanda wa ngozi ulikuwa umeshaoza kwa mvua. Nikachukua kamba ya buluu ya mashua, kamba nzuri, mpya, nikaifunga shingoni kwa fundo lisilokaza, na ncha nikaichoma kwa kiberiti isifumuke.

Ningeweza kumfungia bandani siku ile. Kosa langu liko hapo na nalisema mwenyewe, asinisaidie mtu. Lakini ngedere walikuwa wamekula matuta mawili jana yake, mvua inanyesha, nikasema hao wa mjini hawatachafua viatu vyao mashambani. Tukaenda. Yeye alitangulia kama kawaida yake. Nilikuwa katikati ya mihogo niliposikia anabweka upande wa barabara, ule mbweko wa kumwambia mtu hapa pana mwenyewe. Kisha mlio mmoja, mkavu.

Nilipofika, kijana mwenye bunduki alikuwa anakung'uta maji kwenye kofia. Mbwa wangu amelala mtaroni.

"Shikamoo, mzee," akaniambia.

"Marahaba."

Mpaka leo mdomo wangu sijausamehe. Ulijibu wenyewe, kwa malezi, wakati mimi nilitaka kumrukia kooni.

"Huyu ni wako?"

"Wangu. Amechanjwa, cheti kipo nyumbani. Umempiga mbwa aliyechanjwa!"

"Mkanda wake uko wapi?"

"Huoni hicho shingoni?"

Akainama, akaishika kamba kwa vidole viwili. "Hii kamba, mzee. Kila mbwa koko ana kamba. Sisi tumeambiwa mkanda."

"Kamba hiyo nani kaifunga? Imejifunga yenyewe?"

"Pole, mzee. Sisi tumetumwa." Akapanda gari. Walikuwa na vijiji vingine vya kumaliza kabla ya adhuhuri.

Nimekaa nikiwaza neno lile. Kamba! Miaka yote nimechagua, nimekata, nimeshona, nimejua kipi cha jua na kipi cha mvua, na hukumu ikaja ya mtu ambaye kwake kifaa ni kile tu kilichotoka dukani, duka lenyewe halipo kisiwa kizima. Kumbe mimi ndiye niliyechekwa mara ya nne, na safari hii kwa bunduki.

Nilimbeba begani, maji na damu vinanitiririka mgongoni. Sikujali najisi ya mtu. Nikapita nyuma ya jiko kuchukua jembe nimzike, na chini ya upenu, mahali nisipopatazama asubuhi kwa sababu hakuna kitu kinachowekwa pale, nikauona mkanda mwekundu. Umeanikwa vizuri kwenye fito, umenyooshwa. Chini yake ndoo, kata, na kifuu chenye mabaki ya udongo mwekundu uliokorogwa na maji.

Nikaelewa yote palepale. Aliuosha kabla hajaondoka, gizani, mara saba, moja kwa udongo, ili wanawake waliompitia kwenda msibani wasiuone karibu na masufuria yake, na ili mimi siku hiyo niwahi sala. Kwa fikihi ileile aliyonifundisha yeye, mkanda ule ungerudi kuwa najisi pindi ukigusa shingo mbichi. Alijua. Aliuosha hivyohivyo.

Nilimkasirikia mama yangu. Naliandika kama lilivyokuwa, kwa sababu kulificha ni kujifanya mwema. Nilisimama pale nikamkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mwenye bunduki, na majirani, na nahodha, na wenye maduka. Nilipiga ndoo teke ikaenda mpaka mlimauni. Nilisema maneno ambayo mtoto hasemi, namshukuru Mungu alikuwa Kiegeani. Angalau angeniambia! Neno moja tu mlangoni, mkanda wako nimeuanika nyuma.

Kisha nikawaza akirudi. Ana miaka zaidi ya sabini. Atauliza, na nitamjibu, na jibu hilo atalala nalo na kuamka nalo mpaka kaburini. Nilikaa chini kwenye tope, nikaikata ile kamba ya buluu kwa panga, nikamvisha mbwa wangu mkanda mwekundu. Ulikuwa bado una unyevu. Kifungo kikalia.

Mama alirudi baada ya alasiri. Nilikuwa nimemlaza kwenye gunia, sijamfukia, nilimngoja yeye aone.

"Nani kafanya haya?"

"Watu wa kampeni."

"Na mkanda kavaa?"

"Kavaa, mama. Niliuona pale nyuma asubuhi, nikamvisha."

Alikaribia kuliko alivyowahi kumkaribia akiwa hai. Akautazama shingoni kwa muda mrefu. "Mkanda nimeuosha mwenyewe," akasema. "Umetakata. Imekuwaje wasiuone?"

"Hawakutaka kuuona."

Basi. Uongo huo ni wangu, na sitaki mtu aniambie kwamba ni mdogo. Umeenea mpaka barazani sasa, watu wanasimulia kuwa mbwa wa fulani aliuawa na mkanda wake shingoni, na wanatikisa vichwa kwa huruma, hao hao wa mawe. Mwezi haujaisha, ngedere wakashuka mpaka kwenye migomba ya majirani. Mmoja akanifuata kuniuliza lini nitaleta mbwa mwingine. Nikamwambia atafute wake, amnunulie na kanzu.

Lakini mama hakusahau. Kila akimaliza kusali magharibi hubaki kwenye mkeka wake, huinua mikono, na mimi nimekaa mlangoni. Huomba kwa sauti, maana anataka nimwitikie.

"Ya Rabbi, Wewe unamjua aliyemuua mnyama yule bila kosa."

"Amina," nasema, na nasema kwa nguvu, kwa hasira yote niliyonayo.

"Unawajua waliomtuma."

"Amina."

"Na kila aliyetia mkono wake katika jambo lile, mkubwa kwa mdogo, mlipe kwa mkono wake."

Mikono yake iko juu, imekunjamana, naitazama. Mama hungoja amina yangu, kisha hugeuza kichwa.

"Mbona huitikii, mwanangu?"

"Nimeitikia moyoni, mama."