Kidonge cha Asubuhi na Maziwa ya Mama Mkwe

Kabla shingo yangu haijavimba nilikuwa fundi cherehani pale Igoma, nikipunguza nguo za mitumba ambazo siku zile zilianza kujaa kila kona. Nilikuwa na maneno mengi na mikono isiyojua kutulia. Rovu lilipofikia ukubwa wa embe madaktari walilikata, na tezi yote ya shingoni ikaenda nalo. Daktari wangu aliniambia waziwazi, "Mama, kazi ya tezi sasa itafanywa na kidonge, kila siku, maisha yako yote. Meza asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, ukae saa nzima ndipo ule."

Nilitii mwaka mzima, nikawa na nguvu zangu zote. Kisha nikapata mimba.

Mama mkwe akaja kutoka kijijini kunitunza. Ni mama wa Kisukuma aliyekulia kwenye ng'ombe, na ana huruma kuliko wengi. Asubuhi ya kwanza alinikuta na kidonge mkononi, akasikitika.

"Mwanangu, dawa kali hivyo kwenye tumbo tupu, na una mtoto ndani? Itakuunguza. Mezea haya."

Akanipa maziwa ya moto. Ningeyakataaje? Ningeonekana namdharau. Kliniki nako walinipa vidonge vya kuongeza damu, navyo nikavimeza humo humo, funda moja, yaishe.

Mwezi wa tatu wa mtindo huo nilikuwa navaa sweta jua likiwaka. Choo nilikikosa siku sita. Nywele zilibaki kwenye kitana, uso ukavimba, sauti ikawa nzito. Mama mkwe akasema ni mimba ya kiume tu, nami nikataka kumwamini. Siku moja nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye ukucha. Sikupiga kelele. Maumivu yalichelewa kufika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umeacha dawa?" daktari aliniuliza kwa ukali.

"Sijaruka hata siku moja."

"Unamezea nini?"

Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. "Maziwa na vidonge vya damu vinaizuia dawa hiyo tumboni. Nyingi ilikuwa inapotea bure."

Nikamuuliza kuhusu mtoto. "Naye anaitegemea dawa yako," akasema. "Tutarekebisha leo, lakini siwezi kukuahidi kitu." Nililia mbele yake bila aibu.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Akaketi chini. "Kumbe nilikuwa nakuua kwa mkono wangu."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyejua, nikanyamaza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikaribia kuwathibitishia. Tangu siku ile maziwa nilikunywa mchana na vidonge vya damu jioni. Daktari aliniongezea kipimo cha dawa kwa sababu ya mimba, akawa ananipima damu mara kwa mara.

Binti yangu alizaliwa hai, mdogo sana. Alichelewa kukaa na alichelewa kutembea. Daktari anasema ni mzima, nami namshukuru Mungu, lakini akichelewa kuitika ninapomwita, moyo wangu unashtuka. Mama mkwe hajajisamehe mpaka leo.

Wenzangu wa dawa hii, msiongeze wala kupunguza wenyewe, msimgawie jirani. Na mkiulizwa kama mnameza, semeni mnamezea nini. Kliniki waliniuliza kila mwezi kama nameza dawa. Kila mwezi nilijibu ndiyo, na nilikuwa nasema kweli.