Bibi Aliyekataa Msamaha

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwenye kituo kipya cha afya, kule kwetu Nyang'hwale. Mbele yetu alisimama bibi mmoja mwenye kanga iliyopauka. Karani akamwambia dirishani, "Msamaha hakuna, bibi. Fungu la wasiojiweza limekwisha." Neno hilo, ndugu yangu, lilinirudisha utotoni.

Zamani tulikuwa na zahanati ya vyumba viwili, ya matofali tuliyofyatua wenyewe, dawa zikitoka serikalini. Bibi yangu alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikagoma kupona. Tulidamka kila Jumatatu, mimi nimebeba matobolwa na karanga kwenye kitambaa, tukala kwenye benchi tukisubiri zamu. Mpaka leo nikinusa spiriti napata ladha ya viazi vile vikavu vya kuchemsha.

Siku moja nesi akamwambia kwa furaha, "Bibi, hulipi tena. Umeingia kwenye msamaha." Sasa, Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuokoteza. Alichosikia ni kwamba amekosa. "Nimemkosea nani mimi?" akauliza. Akachukua fimbo yake, akanishika mkono, tukaondoka kidonda hakijasafishwa. Mguu ukavimba hadi gotini, akaacha kula. Nikawa najificha nyuma ya ghala kulia, maana nilijua nampoteza.

Siku ya nne nesi akaja mwenyewe kwa miguu, boksi la dawa kichwani. Akapiga magoti mlangoni. "Mwangaluka, mayu," akasalimia Kisukuma. Kisha akasema taratibu, "Hukukosa wewe. Ni serikali inakuomba msamaha kwa kuchelewa kukuletea dawa."

Bibi akafikiri kidogo. "Kama ni hivyo, naisamehe," akasema, akanyoosha mguu.

Tangu hapo akifika dirishani alitangaza, "Nimekuja kusamehe," benchi zima likacheka naye. Alipona, akaishi hadi nikaolewa. Zahanati ile sasa ni stoo ya pumba, nesi alihamishwa, benchi sijui liko wapi. Nawakumbuka wote.

Yule bibi wa kanga aliondoka akijikokota. Nilimfuata hadi getini nimwambie kwamba hakumkosea mtu, lakini sikujua nimalizie vipi. Bibi yangu angeisamehe serikali mara ya pili. Mimi nimejaribu wiki nzima, nimeshindwa.