Stika ya Jina la Victoria

Aristides na mkewe Victoria walikuwa na duka la mabango mjini Moshi. Victoria alichora kwenye kompyuta, Aristides akaendesha mashine ya kukata stika. Kila mmoja alijua lake.

Victoria aliugua saratani, akafariki wakati kahawa imeanza kuiva kule Mwika, nyumbani kwa mumewe. Rishi, jirani wa duka, akaja kumpa pole.

"Kibao cha msalaba niachie mimi, kaka. Fundi wangu atakitengeneza."

"Asante, Rishi. Nitakifanya mwenyewe."

Akaketi kwenye kiti cha mkewe, akaandika jina kwa herufi za mwandiko wa mkono, zile zinazoshikana mikia, maana ndizo alizozipenda marehemu. Alipoikata stika kwa mashine na kuibandua, jina likatoka vipandevipande. Kwenye skrini herufi zilionekana zimeungana, kumbe zililaliana tu. Kila moja ilikuwa na mstari wake, na kisu kilifuata mistari yote, hata pale mkia wa moja ulipopita juu ya nyingine.

Alikuwa amemwona mkewe akiziunganisha ziwe umbo moja, mistari ya ndani ikifutika. Akahangaika na amri za kompyuta mpaka akafanikiwa, ila matundu ya o na a yakaziba. Akachora kiduara, akakiweka juu ya o, akaiamuru kompyuta itoe kimoja kwenye kingine. Akakosea kipi kitolewe kwenye kipi. Herufi yote ikatoweka.

"Vicky, hapa inakuwaje?" akauliza, akageuka.

Hakukuwa na mtu; kiti cha Vicky alikuwa amekikalia mwenyewe. Akainamisha kichwa mezani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Victoria afariki. Alipotulia akarudia, safari hii akaanza na herufi ndipo kiduara. Tundu likafunguka, kisha na la a.

Siku ya mazishi kule Mwika, mama yake Victoria alipitisha kidole juu ya jina lile msalabani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani kaliandika?"

"Mimi."

Mama akamshika mkono. Wakafuata jeneza kati ya migomba.

Duka lilipofunguliwa tena, mteja wa zamani alipiga simu.

"Yule dada mchoraji yupo?"

"Hayupo."

"Basi nitamsubiri. Atarudi lini?"

Aristides aliiweka simu mezani, akaketi kwenye kiti cha mkewe. Mteja akaita "Haloo? Haloo?" mpaka simu ikakatika.