Ndoo ya Asali Iliyoganda

Asali ya mama mdogo iliganda kabla hatujaifikia hata robo. Asubuhi za Kitale zina baridi kali, na ndoo ilikaa chini ya dirisha la jikoni. Baba alipoifunua aliikuta nyeupe kama mafuta ya kupikia, kijiko kimesimama wima ndani yake.

"Hii ni sukari," akasema. "Ati asali! Dada yako amechemsha sukari akakuletea wewe, mgonjwa wa sukari."

Mama alikuwa amelala, mguu juu ya mto. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimekataa kufunga. Muuguzi wa kliniki alikiosha kwa ile dawa inayotoa povu, nasi nyumbani tukakipaka asali, kama nyanya alivyowapaka Mama na mdogo wake utotoni.

"Si mizinga ni yake?" Mama akasema. "Ameitundika kando ya alizeti. Nimeiona."

"Umeona mizinga. Jikoni kwake umeingia?"

"Tumezaliwa tumbo moja, baba watoto."

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa ndoo, utairudisha na maharagwe, na ndizi, na chochote ulichonacho. Baba aliifuata desturi hiyo kwa ukatili ambao sikujua anao. Aliirudisha ndoo hadi kwa mama mdogo, Malakisi, ikiwa imejaa asali ileile, kifuniko amekikaza kwa kamba ya katani.

Mama mdogo hakuja tena. Mama alimpigia, simu ikalia mpaka ikachoka. Baba akaleta asali ya chupa kutoka mjini, nyekundu, inayotiririka. Akaiinua kwenye mwanga. "Ona. Hii ndiyo asali, bana." Mama alikubali kupakwa, lakini kila mara lango lilipogongwa aligeuza shingo kutazama mlango.

"Ni yeye?"

"Ni mtu wa maziwa, Mama."

Mguu ulikatwa. Kisha homa ikaingia damuni. Siku ya mwisho lango liligongwa, naye hakugeuza shingo.

Mama mdogo alikuja kuzika. Alipita katikati ya waombolezaji na ndoo kichwani, akaitua karibu na jeneza. Ilikuwa bado imefungwa kwa ile kamba, kwa fundo la Baba.

"Shemeji," akasema, bila kupandisha sauti, "chombo kimerudi. Mimi pia sirudishi kitupu."

Kisha akamwinamia Mama na kumlilia kwa Kibukusu, akimwita kwa jina la utoto ambalo sisi watoto hatukuwa tumewahi kulisikia.

Mimi huandika riwaya, na nikishindwa kulia husoma. Nilisoma kuhusu asali. Nikajua kwamba nyuki wa alizeti hutoa asali yenye glukosi nyingi, na glukosi hiyo, ikipata baridi, huganda upesi. Ile iliyochemshwa sana ndiyo hukawia kuganda. Nikajua kwamba nyuki huitia asali kimeng'enya kutoka mwilini mwake, na asali ikikutana na unyevu wa kidonda, kimeng'enya hicho hutengeneza, kidogokidogo, kemikali ileile iliyo katika dawa ya povu ya muuguzi. Moto hukiua. Zimo pia flavonoidi, kemikali za kinga za maua yenyewe: shamba zima la mama mdogo lilikuwa ndani ya ndoo ile.

Nilimsomea Baba. Alinisikiliza akiwa ameketi kwenye kitanda cha Mama.

"Ingemponya?" akauliza.

Daktari alisema mishipa ya mguu ilikuwa imekwisha kuziba. Ninachojua ni kwamba Mama alitaka mikono ya dada yake ndiyo imfunge kitambaa, na mikono hiyo haikufika.

Baba akaivuta ndoo. Lile fundo lake mwenyewe lilimshinda, akaling'ata kwa meno. Akachota asali kwa kidole, akaiweka mdomoni, akafumba macho. Nilidhani anataka kuitema, kumbe alikuwa analia.

Tumeila polepole. Juzi aliiosha ndoo, akaianika juani, akaketi mbele yake. Mahindi yamejaa ghalani, kuku wamejaa uani.

"Tutamwekea shemeji nini humu?" akaniuliza.

Ndoo imekwisha kukauka. Bado iko uani.