Magari Mawili Siku ya Harusi Yangu

Siku ya harusi yangu naikumbuka vizuri kuliko jana, mwanangu, kwa hiyo tulia unisikilize.

Babu yako Omwenga, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari kwa mzungu mmoja kule Nyansiongo, mtu mwenye wazimu wa magari ya mbio. Alikuwa nayo mawili. La zamani lilikuwa la kijani, magurudumu marefu membamba, boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi, na haliwaki mpaka ulizungushe hendeli jasho likutoke. Likiwaka, mama wee! Kijiji kizima kinajua. La pili lilikuwa jipya, jekundu, limelala chini, zuri kila upande. Unabonyeza kitufe tu, linanguruma.

Mzungu alitupa yote mawili kwa harusi. Kila moja lilikuwa na viti viwili, na shangazi zangu wakashikilia kwamba bibi harusi apande jipya, wakwe wamwone. Basi mzungu akaniendesha, Omwenga akafuata na la kijani. Nawe ujue, baba alikuwa amekubali ndoa hii shingo upande. Padri alifika kwetu mara chache sana, na baba alishasema: tusipofunga ndoa siku hiyo, ng'ombe wa mahari warudi kwao.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa imechimba mitaro barabarani, katikati pakabaki tuta. Gari jekundu likakalia tuta kwa tumbo, magurudumu yakazunguka bure. Wanawake wakaimba, wakasukuma, wapi! Nililia, mwanangu, nikalia hasa.

Omwenga akasimama kando yetu. "Moraa, panda huku."

Shangazi akang'aka, "Kwenye hilo kuukuu? Watatucheka!"

"Wacheke akiwa mke wangu."

Nikapanda na shela langu. Akapitia kwenye nyasi, akarudi barabarani, na tuta likapita chini yetu bila kutugusa. Tulimkuta padri ameshawasha pikipiki. Akatutazama tulivyojaa matope, akaizima.

Jioni, jekundu lilipokwisha kuvutwa na ng'ombe na kuoshwa, mzungu alituachia tushuke nalo Kisii kwa barabara nzuri. Lilipaa! Lilikata kona bila kuyumba, nami nacheka kama mtoto. Sijapanda kitu kitamu kama kile tena.

Kwa hiyo nikisikia vijana mnawacheka wazee, au wazee wenzangu wanawabeza nyinyi, nawashangaa wote. Yale magari yote mawili niliyapenda. Kabla hujasifu wala kudharau, mwanangu, tazama kwanza njia iliyo mbele yako.

Mimi siku hizi ndiye lile la kijani. Asubuhi mnanizungusha hendeli mpaka mnachoka, lakini nikiwaka, nafika. Mungu akupe barabara nzuri, na penye matope akupe mtu wa kukuambia, panda huku.