Nilikata neti ya volleyball ya shule nikafunikia vifaranga

Wakuu, habari zenu. Hii ni ukweli mtupu. Mwenye kutaka kuhakikisha aje Kyuso aulize, mimi hupatikana kwa boma yangu kila siku, sina pengine.

Nianze na ujinga wangu ndio mnicheke mapema tumalizane.

Nilichukua neti ya volleyball ya shule, ile moja tu waliyo nayo, nikaikata vipande vitatu na panga, nikafunikia vifaranga.

Ngojeni nieleze. Mwewe alikuwa amenimalizia vifaranga. Binti yangu Mwende, ako form three na ndiye captain, alileta hiyo neti nyumbani Ijumaa aishone mahali imeraruka. Akaianika kwa kamba ya nguo. Mimi nikaona kitu cha mashimo mashimo, nikasema hii imezeeka, Mungu amenikumbuka.

Tena games nilikuwa nazidharau. Nikiwa secondary, wenzangu wakienda field mimi nilibaki class nikilinda madeski. Nilimaliza na D plus, madeski yote yakiwa salama. Lakini bado niliamini mpira ni wa wale hawasomi.

Mwende akarudi kutoka mtoni na punda wa maji, akaona kazi yangu. Hakulia. Huyu mtoto haongei, wakuu. Akitaka chumvi mezani, anaiangalia tu mpaka mtu ampe.

Jumatatu mwalimu wa games akawaambia bila neti hakuna mazoezi, na bila mazoezi anaondoa jina la shule kwa mashindano ya Tseikuru. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Hiyo sikuambiwa na Mwende. Niliambiwa na jirani yangu Mama Syombua, ambaye binti yake pia anacheza, na hakuniambia kwa sauti ndogo.

Jumamosi nikiwa na redio yangu, wasichana kumi wa timu wakaingia kwa boma wamebeba mkonge, Mwende akiwa mbele. Wakafunua vifaranga, wakachukua vipande vyao, wakaenda kuketi nje ya jikoni ya Mama Syombua. Yeye husuka viondo, vile vikapu vya mkonge. Akawaonyesha vile mkonge husokotwa juu ya paja mpaka kamba inakuwa nyembamba na ngumu.

Wanasokota, wanafunga fundo, wanavuta. Sasa ilihitajika nguzo ya kushikilia upande mmoja. Nikaitwa, nguzo ikawa mimi.

"Baba, vuta," Mwende akasema. Nikavuta.

"Baba, usilegeze."

Hayo ni maneno mengi kuliko nilikuwa nimesikia kwake mwezi mzima. Nilisimama pale kutoka saa nne mpaka mbuzi wakarudi. Hakuna mtu alipiga kelele. Mwende anataja jina la mtu, na huyo mtu anahamia fundo lingine, basi.

Jumatatu neti ikasimama field, nusu nailoni nusu mkonge. Jina la shule likabaki.

Siku ya mashindano nikavaa viatu. Mama Syombua akaniona kwa barabara akauliza, "Nani amekufa?" Kwa sababu mimi hutoka kwa mazishi pekee.

Sasa sikieni. Mechi ya kwanza, set ya mwisho, pointi zimelingana. Mpira ukaenda juu kabisa, ukaanza kushuka katikati ya wasichana wanne, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Nikasikia sauti imepasua field yote:

"Yangu!"

Niligeuka nyuma nikidhani ni mwalimu. Ni Mwende. Wote wakampisha. Akaruka, na nawaapia alikaa huko juu kidogo kabla ashuke. Mpira ukatua upande ule mwingine na hata refa akachelewa kupuliza.

Mimi nilijikuta nimevua kofia kama niko kanisani. Nilikuwa namlisha huyu mtu miaka yote hiyo na sikuwa namjua.

Mechi iliyofuata walinyolewa, wakashindwa vibaya. Sijali.

Jioni tukiwa mezani, Mwende akasema, "Baba, nipatie chumvi."

Nikampatia na mikono miwili.

Nimejifunza hivi: hiyo sauti haikutoka kwa kitabu, na haikutoka kwangu. Ilitoka field, kwa ile saa moja ya games niliyokuwa naona ni ya kupoteza. Nyinyi mnaotaka itolewe kwa timetable ndio watoto wasome, niambieni hapa chini hiyo sauti mngeifunza na somo gani. Mwenye dawa ya mwewe pia aseme, vifaranga bado wanaenda.

Wenye kunitukana mko huru, lakini mmechelewa. Jana nilimuuliza Mama Syombua mashindano mengine ni lini. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia, akasema:

"Baba Mwende, ulikata neti bure. Kuku aliyekuwa amefungiwa hapo kwako ni wewe."