Povu Chini, Bomba Juu

Vitus Mgaya, fundi bomba, hakuwa mtu wa maneno mengi, ila chumba kimoja cha Mafinga kilimfanya aseme jambo lilelile mara tatu: povu chini, bomba juu, zege mwisho. Alimwambia Ezron, fundi mwashi, siku ya Jumatatu. Jumanne akarudia. Jumatano, kabla hajapanda basi kwenda soko la Mwanjelwa kutafuta valvu, akamchorea ukutani kwa mkaa.

Chumba hicho Didas, mwenye nyumba, alikiongeza nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama yake. Mama Faustina alikuwa amesali rozari kwa magoti tangu usichana wake, lakini miaka miwili sasa baridi ya sakafu ilimkalisha kitini, naye aliona aibu kumwomba Mungu akiwa amekaa kama mgeni anayesubiri chai. Vitus alimwahidi kuwa atapiga magoti tena. Maji ya moto kutoka pipa la jikoni yangezunguka ndani ya sakafu, na povu gumu jeupe, kama lile la kwenye boksi la televisheni, lingezuia joto lisimezwe na ardhi.

Aliporudi Alhamisi, alikuta chumba cheupe pe. Povu lilikuwa limetandazwa juu, nadhifu kama shuka, na kona ya kusalia tayari ilikuwa imemwagiwa zege.

"Ezron! Bomba ziko wapi?"

"Chini, kaka. Bomba siku zote linafukiwa. Nimeanza kufukia bomba wewe hujaoa."

"Na mchoro wangu?"

"Niliuona. Nikajua umechora kinyume kwa haraka ya basi."

Vitus alishika kichwa. "Mabomba ya nje ndiyo unayafukia yasikatwe na jembe! Nani atalima chumbani kwa mama?"

"Na povu je? Wewe nyumbani kwako godoro unaliweka chini ya kitanda?" Ezron akauliza.

Mama Faustina alitokea mlangoni na mkongojo wake, akawasalimia. "Kamwene, mafundi. Mnagombania nini?"

Vitus alifunga valvu aliyokuja nayo, akachochea kuni, akawasha pampu. Baada ya nusu saa akamwomba mama avue kandambili, akanyage ile kona.

"Baridi ileile," mama akasema, na uso wake ukasinyaa.

Vitus akafunua kipande cha povu kando yake, akauelekeza mkono wa mama chini. Bomba lilikuwa la moto, na udongo unaolizunguka ulishaanza kupata joto.

"Ee Mungu wangu! Kumbe mmewawashia moto fuko wa ardhini!" mama akasema.

Ezron alitazama udongo, akatazama mchoro ukutani, kisha akachukua nyundo na kuanza kuvunja zege alilolimwaga kwa mikono yake.

"Kwa hiyo povu chini, kaka?"

"Chini."

"Bomba juu?"

Vitus akavuta pumzi, akasema kwa mara ya nne: "Povu chini, bomba juu, zege mwisho."

"Na magoti yangu?" mama akauliza.

"Hayo juu ya yote, mama."